Rais wa wanafunzi Japani hana ubavu huo mnaouona kwenye anime

Wengi wakishaangalia anime, yani katuni za Kijapani, mbili tatu za shule wanaamini kule Japani baraza la wanafunzi linaweza kumfukuza mtu shule, linafunga klabu linavyotaka, rais wake akipita koridoni hata walimu wanampisha. Hamna kitu kama hicho jamani. Baraza lipo kweli na linapigiwa kura, ila kazi zake ni kama kuandaa tamasha la shule na kusaidia kugawa hela za klabu, na hata hapo kuna mwalimu mlezi anaangalia, mwenye rungu ni mkuu wa shule.

Ubosi wenyewe uko kwenye klabu, hasa za michezo. Senpai, yani aliyekutangulia hata mwaka mmoja tu, unamwamkia kwa heshima, ye anacheza, we kohai, yani uliyekuja nyuma yake, unaokota mipira na kusafisha uwanja, mwakani na we unapata wa kukuokotea.

Presha ya mitihani sasa, hiyo haijatiwa chumvi sana. Elimu ya lazima ni miaka 9, inaishia sekondari ya chini, kwa hiyo mtoto wa miaka 15 anapigania nafasi ya sekondari ya juu kwa mtihani, wengi jioni wako juku, tuisheni za kulipia, na kwenye mitihani ya majaribio wanapewa hensachi, alama ya kukulinganisha na wenzako, wastani wake 50. Ila yale ya kwenye anime ya matokeo kubandikwa ukutani kwa majina, siku hizi shule nyingi kila mtu anapewa karatasi yake, waandishi wa anime wanaupenda ukuta kwa sababu unaleta ugomvi fasta.