Dialisisi nyumbani: simu inavyoweza kumwonyesha daktari hatari mapema

Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu (dialisisi) hospitalini huonwa na wauguzi mara mbili au tatu kwa wiki. Hupimwa presha na uzito, na miguu huangaliwa kama imevimba. Anayejisafisha nyumbani kwa njia ya tumbo humwona daktari wake takriban mara moja kwa mwezi. Siku zilizo katikati ndizo zinazotuhangaisha sisi wahudumu, na ndizo tibamtandao, yaani huduma ya afya kwa simu au intaneti, inazoweza kuziba.

Kwa njia hii mgonjwa huingiza tumboni maji maalumu, kwa kawaida lita 2, kupitia mrija laini uliowekwa kwa upasuaji. Maji hukaa saa 4 hadi 6 yakivuta taka kupitia utando wa tumbo, kisha hutolewa na kuwekwa mapya. Wengi hufanya hivyo mara 4 kwa siku, na umeme hauhitajiki, kwa kuwa mfuko hutundikwa juu na maji hushuka yenyewe. Wengine hutumia mashine ndogo inayofanya kazi hiyo usiku wakiwa wamelala.

Baadhi ya mashine hizo sasa zina modemu, kifaa kinachotuma taarifa kwa njia ya mtandao. Mgonjwa akiamka, hospitali tayari inajua maji yaliyoingia, yaliyotoka na kengele zilizolia usiku. Muuguzi akiona maji yanazidi kuchelewa kutoka, humpigia simu mapema. Swali lake la kwanza huenda likamshangaza mgonjwa: umepata choo? Kufunga choo ni sababu ya kawaida sana ya mrija kushindwa kutoa maji. Ikibidi, daktari hubadilisha mpangilio wa mashine akiwa palepale hospitalini. Wazo lenyewe lina miaka mingi: mwaka 1994 huko Toronto, Kanada, wagonjwa walianza kusafishwa damu nyumbani usiku kwa mashine zilizofuatiliwa kwa modemu.

Nchini Marekani, tangu Januari 2019, Medicare, bima ya afya ya serikali, inamruhusu mgonjwa wa dialisisi ya nyumbani kuonwa na daktari kwa video kila mwezi. Hata hivyo, lazima aonane naye ana kwa ana kila mwezi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha angalau mara moja kila miezi 3. Naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Kamera haiwezi kubonyeza ngozi kuzunguka mrija kuona kama inauma, wala haichukui damu ya kupima.

Asiye na mashine ya modemu asione kwamba ameachwa nyuma. Mizani, kipimo cha presha, daftari na simu ya kawaida vinatosha kuanzia. Pima uzito kila asubuhi, andika kiasi cha maji yaliyotoka, kisha utume kwa ujumbe mfupi jinsi mlivyokubaliana na kliniki. Uzito ukipanda kilo 2 kwa siku mbili, hujanenepa. Ni karibu lita 2 za maji zilizobaki mwilini, na daktari anapaswa kujua leo, asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni rangi ya maji yanayotoka. Weka mfuko juu ya karatasi yenye maandishi. Kama herufi hazisomeki, maji yamekuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele, basi chukulia kwamba kuna maambukizi tumboni, hata kama hujasikia maumivu. Piga picha, itume kwenye namba uliyopewa na kitengo chako cha figo, wala si kwenye kundi la WhatsApp la familia, kisha anza safari ya hospitali. Usingoje kujibiwa. Mfuko wenyewe usiutupe, nenda nao, kwa sababu maabara itapima maji yaliyomo kujua ni mdudu gani, na sampuli nzuri ni ile iliyochukuliwa kabla hujameza au kuchomwa dawa yoyote ya kuua bakteria.