Mpira wa Tairi: Yasemwayo Mombasa na Ukweli Wake

Dhana: Tairi ni utomvu wa mti uliochemshwa ukakazwa.

Uso wa tairi, ule unaokanyaga lami, ni mchanganyiko wa mpira, masizi ya kaboni, silika (unga mweupe wa madini yaliyo kwenye mchanga), mafuta, nta, salfa na dawa za kuzuia kuzeeka. Kwenye magari madogo, sehemu kubwa ya mpira huo hutengenezwa viwandani kutokana na mafuta ghafi. Malori yanayotoka bandari ya Kilindini na kontena kupanda Mariakani ni habari nyingine. Nyuso za matairi yao hutegemea sana mpira asilia, ule wa utomvu wa mti, kwa kuwa hautoi joto jingi unapojikunja chini ya mzigo, na jiwe likiukata haupasuki ovyo.

Dhana: Weusi ni rangi tu.

Matairi ya mwanzo yalikuwa meupemeupe, na yalilika upesi. Weusi ni masizi, na masizi ndiyo yaliyoupa mpira nguvu ya kustahimili msuguano.

Dhana: Mpira laini hushika barabara, mgumu hudumu, basi chagua kimoja.

Hii ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi. Wachanganyaji wa mpira hupigania mambo matatu kwa pamoja: kushika barabara yenye maji, kudumu, na kuviringika bila kula mafuta mengi. Kwa muda mrefu ukiboresha moja, jingine liliharibika.

Mambo yalibadilika mwaka 1992, Michelin ilipoleta sokoni tairi ambalo silika ilichukua nafasi ya sehemu kubwa ya masizi. Shida ni kwamba silika na mpira havipatani, kwa hiyo huongezwa kiunganishi kiitwacho sileni. Hapo ndipo ufundi ulipo. Mashine ya kuchanganyia huachwa ipate joto la takriban nyuzi 140 hadi 160 za Selsiasi. Joto likipungua, sileni haishiki silika. Likizidi, mpira huanza kuiva, yaani kukazwa na salfa, mle mle mashineni na donge zima huharibika.

Kisha mafundi wa maabara hukata kipande cha mpira huo na kukitikisa mfululizo, wakipima nishati inayogeuka joto. Kwenye nyuzi 0, kupoteza nishati nyingi huashiria breki nzuri kwenye maji. Kwenye nyuzi 60 wanataka ipotee kidogo, kwani hasara hiyo hulipwa kwa mafuta. Kipande kilekile kinatakiwa kifanye yote mawili, na silika ikiunganishwa vizuri huwezesha hilo. Dereva wa matatu anayefunga breki wakati wa masika anafaidi kazi hiyo.

Dhana: Tairi la mtumba kutoka Japani, mifereji ikiwa mirefu, ni zuri.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kule kuna majira ya theluji, na baadhi ya matairi hayo mpira wake ulichanganywa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya Mombasa jua la utosi, mpira huo hulainika kupita kiasi: hulika haraka na gari huyumba kwenye kona. Tazama ubavuni: ukiona mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake, au neno STUDLESS (tairi la theluji lisilo na misumari), liache. Tazama na umri pia, maana mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.