Dawa ya kuongeza kinga kwa mgonjwa wa ukoma, tutajuaje kama inafaa?

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, hukosi kumkuta jamaa na spika yake anauza chupa za "kuongeza kinga", inatibu sukari, nguvu za kiume, ukoma, yaani kila kitu, na watu wananunua. Juzi mama mmoja anayekaanga sangara akaniuliza, daktari, si mnasema mgonjwa wa ukoma kinga yake iko chini, sasa hiyo dawa isimfae kwa nini? Swali zuri sana aisee.

Kwanza kinga yake haijashuka yote. Mafua anapigana nayo kama wewe, shida ni askari wake wa kinga hawamshtukii bakteria mmoja tu, huyu wa ukoma aliyegunduliwa na daktari Hansen kule Norwei mwaka 1873. Na siyo wagonjwa wote. Kuna mwenye baka moja au mawili yenye ganzi, huyo askari wanapigana kweli na bakteria huwaoni hata ukimpima, halafu kuna mwingine ana vinundu usoni, nyusi zimepukutika na bakteria wamejaa. Huyu wa pili ndo watafiti wanamfikiria, tukiwaamsha askari wake je?

Walishajaribu. Miaka ya 1970 walichukua levamisole, dawa ya minyoo ambayo wazee mtaikumbuka kama Ketrax na wafugaji bado mnawapa mbuzi, ikaonekana kama inaamsha kinga, wakawapa wagonjwa wa ukoma. Haikuingia kwenye matibabu ya kawaida, na baadaye ikajulikana inaweza kushusha chembe nyeupe za damu za mtu mpaka hatari, Marekani wakaacha kuwapa binadamu mwaka 2000. Dawa ya kuongeza kinga ikashusha kinga!

Sasa ukitaka kupima kihalali, baada ya vibali vya NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, na TMDA, mamlaka ya dawa, wagonjwa wote wanaendelea na dawa zao tatu, rifampisini, dapsoni na klofazimini, miezi 6 au 12, za bure, hakuna kumnyang'anya mtu hizo. Halafu kwa bahati nasibu nusu wanaongezewa dawa mpya na nusu kidonge kinachofanana nayo ila hakina kitu ndani, na hata daktari anayewapima hajui nani kapewa nini. Mnaona usumbufu, lakini bila hivyo utadanganyika maana dawa tatu peke yake zinaponya, utaisifia hiyo mpya bure. Halafu bakteria huyu mvivu, kuzaliana mara moja kunamchukua kama wiki mbili, na akifa mzoga wake unabaki kwenye ngozi hata miaka, kwahiyo utafiti wa miezi mitatu hautakuambia kitu. Mgonjwa anabanwa ndewe ya sikio mpaka iwe nyeupe, inachanwa kidogo, majimaji yanapakwa kwenye kioo na bakteria wanahesabiwa kwa hadubini, baada ya muda tena, na tena.

Ila kinachonitia wasiwasi mimi ni kingine. Bakteria wa ukoma wanajificha ndani ya mishipa ya fahamu, kinga ikiamka ghafla inawafuata humo humo, mshipa unavimba, na ndani ya siku chache mtu anaweza kushindwa kunyanyua mguu au vidole vikajikunja. Hapo tunampa prednisolone, na hiyo kazi yake ni kuituliza kinga, sio kuiongeza! Kwahiyo kwenye utafiti wa hivi mimi ningehesabu mikono kabla ya kuhesabu bakteria. Kipimo chenyewe cha ganzi ni peni tu, unamwambia mgonjwa afumbe macho, unamgusa kiganjani, anakuonyesha ulipogusa.

Nikamfanyia yule mama hapo hapo, maana mikono ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto na yalinishtua kidogo. Akapatia kote. Nikamuuliza, na mafuta yakikurukia unasikia?

"Nasikia tena sana, we daktari vipi, leta hela ya samaki."