Kato na Kato si lazima wawe ndugu

Hapa Kampala, Kato wawili wakikutana hakosi mtu wa kusema, "Kumbe ninyi ni ukoo mmoja!" Hapana. Kwa Waganda, yaani watu wa Buganda, Kato ni jina la pacha wa kiume aliyezaliwa wa pili, kama vile Doto anavyomfuata Kulwa. Wa kwanza akiwa mvulana ni Wasswa, akiwa msichana ni Babirye. Msichana wa pili ni Nakato. Wazazi hawalichagui, linakuja na watoto, na wao wenyewe wanageuka Ssaalongo, yaani baba wa mapacha, na Nnaalongo, mama yao. Mapacha huzaliwa katika ukoo wowote, wa Mbega au wa Tumbili. Banyankole, watu wa Ankole, nao wana Kakuru na Kato.

Linalochanganya watu ni fomu za shule: mtoto wa Kato anaandikwa Kato, ilhali hakuzaliwa pacha.

Wajapani wenye jina Katō wana asili nyingine kabisa. Katika maandishi yao, alama yake ya kwanza ni ya jimbo la kale la Kaga, ya pili ni ya ukoo wa Fujiwara, na ile "o" huvutwa. Hungaria, Kató ni mwanamke: ndivyo wanavyombembeleza Katalin.