Kudhibiti mtambo wa sola kwenye gridi: maana yake nini?

Kudhibiti mtambo wa umeme wa jua ni kuufanya utoe umeme kulingana na hali ya gridi, badala ya kumwaga kila wati inayotoka kwenye paneli. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, maana jua haliamrishwi. Kweli, haliamrishwi. Kinachoamrishwa ni inveta, kifaa kinachogeuza mkondo mnyoofu wa paneli kuwa mkondo geu wa gridi.

Umeme unaozalishwa lazima ulingane na unaotumika, sekunde hiyohiyo. Kinachoonyesha mlingano huo ni frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya mkondo geu kwa sekunde: Hertz 50 katika nchi nyingi, 60 Marekani. Matumizi yakizidi, inashuka. Uzalishaji ukizidi, inapanda. Rota nzito za jenereta za maji au mvuke hupunguza kishindo zenyewe, kwa kuwa haziwezi kubadili mwendo ghafla. Paneli haina kinachozunguka, hivyo msaada wake hutegemea inveta ilivyopangwa.

Mpango ukiwa mbaya, ni hatari. Ujerumani, inveta za zamani zilipangwa kujizima mara tu frikwensi inapofika Hertz 50.2. Zilipokuwa chache haikuwa shida. Sola ilipoenea kwenye mapaa nchi nzima, gigawati kadhaa zingeweza kutoweka kwa mkupuo mmoja na kuangusha gridi iliyokusudiwa kulindwa. Mwaka 2012 ikatolewa kanuni ya kuzirekebisha. Inveta iliyopangwa vizuri haikimbii: frikwensi ikipanda, hupunguza umeme hatua kwa hatua.

Kupunguza ni rahisi. Kuongeza je? Hapo lazima uwe umejiwekea akiba. Mwaka 2016, huko California, mtambo wa sola wa megawati 300 ulijaribiwa ukiendeshwa megawati 30 chini ya kile ambacho jua lingeruhusu. Kituo cha kuongoza gridi kiliutumia amri kila baada ya sekunde 4, panda, shuka, nao ukazifuata kwa usahihi kuliko mitambo ya gesi. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika dhana hii. Zile megawati 30 hazikupotea bure, zilikuwa huduma, na ni haki mwenye mtambo alipwe kwa huduma hiyo kama anavyolipwa kwa umeme anaouza.

Inveta hurekebisha volteji pia, na zikiundwa kwa kazi hiyo huweza kuifanya hata usiku, paneli zikiwa gizani.

Hata hivyo, inveta nyingi bado ni za kufuata: husoma mawimbi ya gridi kwanza, kisha huingiza umeme kwa mdundo uleule. Gridi ikizimika, hazina cha kufuata. Sasa zipo za kuunda gridi, ambazo huanzisha mdundo zenyewe. Zikiwa na betri nyuma yake, zinaweza kuwasha upya gridi iliyozimika bila kusubiri jenereta kubwa.