Kwa Nini Jaji wa Marekani Anaweza Kuendesha Kesi Akiwa na Miaka 103?

Mwaka 2011, katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu na si ya jimbo, mjini Wichita, jimbo la Kansas, jaji mmoja alikuwa akiingia kortini kwa kiti cha magurudumu chenye mota. Mgongo umepinda hadi kichwa karibu kipotelee nyuma ya meza, mtungi wa oksijeni uko kando ya majalada, mirija ya kupumulia iko puani. Akishakaa sawa, anaagiza kwa sauti kavu: kesi iitwe. Huyo ndiye Wesley Brown, miaka 103, aliyeteuliwa na Rais John F. Kennedy mwaka 1962. Na wala hakuwekwa pale kama pambo.

Kwani Marekani hakuna umri wa kustaafu? Kwa majaji wa shirikisho, haupo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 inasema watashika kazi maadamu wana mwenendo mwema, na mshahara wao hautapunguzwa wakiwa kazini. Basi. Umri haukutajwa, na hata shahada ya sheria haikudaiwa. Rais anateua, Seneti inaidhinisha, na kuanzia siku hiyo aliyekuteua hana tena cha kukutishia nacho.

Walioandika Katiba waliyaweka hayo kwa sababu walishaumizwa. Uingereza kwenyewe, sheria ya mwaka 1701 ilishawalinda majaji wasifukuzwe kwa utashi wa mfalme, lakini makoloni yake ya kule Marekani hayakufaidi ulinzi huo. Ndiyo maana Azimio la Uhuru la 1776 linamlaumu Mfalme George III kwa kuwafanya majaji wamtegemee yeye kwa kazi na kwa mshahara.

Sasa, mwenendo mwema si afya njema, na hapo ndipo penye tatizo. Kumng'oa jaji kunahitaji Bunge la Wawakilishi limshtaki, kisha thuluthi mbili ya maseneta wamtie hatiani. Waliong'olewa hivyo tangu nchi ianze ni 8 tu. Wa kwanza, John Pickering wa New Hampshire, aliondolewa mwaka 1804 kwa ulevi na vituko kortini. Mwanawe aliiandikia Seneti kwamba mzee amerukwa na akili. Je, ugonjwa ni kosa? Maseneta walijiumauma, kisha wakamwondoa hivyo hivyo.

Baadaye ulitafutwa mlango wa heshima. Tangu 1919 jaji mkongwe anaweza kupumzika nusu: anabaki jaji, anapunguza kesi, na kiti chake kinajazwa na mwingine. Siku hizi anayefikisha miaka 65 na utumishi wa miaka 15 anaruhusiwa. Brown alichukua nafasi hiyo mwaka 1979, halafu akaendelea kusikiliza kesi miongo mitatu zaidi!

Mimi naona mpango huu unategemea mno uungwana wa mtu mmoja mmoja. Brown alikuwa nao: aliwaonya mawakili wenye kesi ndefu kwamba huenda asiwepo zikiisha, na aliwaomba wenzake anaowaamini wamwambie akili ikianza kuchoka. Asiye muungwana je? Brown mwenyewe alitania kwamba aliteuliwa kwa maisha yote au kwa mwenendo mwema, chochote atakachokipoteza kwanza. Januari 2012 alifariki akiwa na miaka 104, bado ni jaji.