255 toa 200: yasemwayo juu ya namba za rangi, na yalivyo

Kazi yangu ni kufufua picha za zamani kwenye kompyuta, hapa Mji Mkongwe, na juu ya namba za rangi nasikia mengi. Kila nukta ya picha ina namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila moja ni kuanzia 0 hadi 255. Hisabati yake ni ya skuli ya msingi tu: kutoa, kugawanya, kuzidisha. Wengi hukwama kwa kutojua kipimo kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Dhana: Kugeuza rangi, yaani kupata kinyume chake, ni kuitia alama ya kutoa.
200 haiwi -200, maana hakuna rangi iliyo chini ya sifuri. Ni kama kupima kanga: ulianzia pindo la kushoto, sasa anzia la kulia. 255 toa 200 ni 55. Programu nyingine hupima rangi ileile kwa 0 hadi 1; huko toa kwenye 1, na 0.8 inakuwa 0.2. Ukigeuza tena unarudi ulikotoka.

Dhana: Kinyume cha nyekundu ni buluu.
Nyekundu kamili ni 255, 0, 0. Kinyume chake ni 0, 255, 255, rangi ya maji ya Nungwi saa sita mchana. Buluu kinyume chake ni manjano.

Dhana: Namba ziko 256, basi ukitaka kipimo cha 0 hadi 1 gawanya kwa 256.
Hapa hata mafundi wazuri huteleza. Namba ni 256 kweli, lakini zinaanzia sifuri, kwa hiyo ya mwisho ni 255. Tazama ua wa makuti: ukisimamisha boriti 256, nafasi kati yake ni 255, na sisi tunapima nafasi. Ukigawanya 255 kwa 256 unapata 0.996, nyeupe isiyofika. Kurudi kutoka kipimo cha 0 hadi 1 ni kubaya zaidi. 1 mara 256 ni 256, namba isiyoenea kwenye biti nane, nafasi ambayo kompyuta huweka kila namba ya rangi, na programu nyingine huizungusha ikawa 0. Nyeupe imekuwa nyeusi! Zidisha kwa 255, kisha kadiria namba nzima iliyo karibu.

Dhana: 128 ni nusu ya mwanga.
Kwenye sRGB, kipimo cha rangi cha kawaida cha skrini na picha, ni kama asilimia 22 tu. Na usitarajie kijivu hicho kigeuke: kinyume chake ni 127, jicho halioni tofauti.

Dhana: Negativu, yaani filamu yenye picha kinyume, ikigeuzwa, picha tayari.
Ya nyeusi na nyeupe, karibu kweli. Ya rangi, hapana, kwa sababu filamu yake imetiwa rangi ya chungwa makusudi kiwandani, na ukigeuza tu picha nzima inaingia ubuluu. Nililetewa bahasha ya negativu kutoka Wete, za harusi, na kosa hilo nililifanya mwenyewe.

Dawa ni kuacha 0 na 255 na kutafuta ncha za kila rangi peke yake. Tuseme buluu kwenye skani inaanzia 40 na kuishia 160. Nukta yenye 130: 160 toa 130 ni 30, gawanya kwa upana, 120, zidisha kwa 255. Unapata 63.75, yaani 64. Kwa kutoa kwenye 255 peke yake ningepata 125, karibu mara mbili. Nikafanya hivyo na nyekundu na kijani pia, na kuta zilizotoka buluu kama pono zikarudi kuwa chokaa.